Shajara ya mradi: kuilinda 370Z isiibwe

Januari

Gari ni Nissan 370Z: viti viwili, injini ya V6 ya lita 3.7, gia sita za mkono. Mshale wa mizunguko unapanda hadi 7,500, na sauti yake ikifika huko juu ndiyo iliyonifanya niweke akiba kwa miaka. Halitengenezwi tena. Likiondoka, bima italipa fedha, lakini haitanirudishia gari ambalo najua kila nati yake. Hiyo ndiyo sababu ya mradi huu.

Kabla ya kugusa waya wowote nimekaa na daftari nikaandika njia ambazo gari la namna hii huondokea. Ya kwanza ni redio: mwizi anaudanganya ufunguo ulio ndani ya nyumba. Ya pili ni waya: anachomeka kifaa kwenye kompyuta ya gari na kujisajilia ufunguo wake. Ya tatu ni kubeba: gari linapandishwa kwenye lori likiwa limezimwa, na vifaa vyote vya umeme vilivyo ndani havina la kufanya. Ya nne, na ya zamani kuliko zote, ni mtu kuja na ufunguo halisi aliouiba mahali.

Kutokana na orodha hiyo nimejiwekea kanuni moja ya kupimia kila ninachonunua: kila kinga imdai mwizi kifaa tofauti na ujuzi tofauti. Kinga mbili zinazoangushwa na kifaa kilekile nazihesabu kuwa moja. Anayekuja na mitambo ya redio kwenye begi mara nyingi hakubeba grainda, na mwenye grainda hapendi kufungua dashibodi gizani kutafuta waya. Nataka mtu mmoja ahitaji kuwa watu wanne.

Imobilaiza iliyokuja na gari naiheshimu na inabaki. Ni kijisahani cha kielektroniki ndani ya ufunguo ambacho kompyuta ya gari lazima ikitambue ndipo iruhusu injini iwake. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya tangu 1998, na wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard, walipochunguza takwimu za Uholanzi, walikuta imepunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40. Upande wa pili wa sarafu ulionekana Marekani, ambako Kia na Hyundai nyingi za ufunguo wa kuzungusha, za kuanzia 2011 hadi 2022, ziliuzwa bila imobilaiza. Vijana walipogundua hilo, wizi wake ulilipuka. Kwa hiyo sianzi kutoka sifuri. Najenga juu ya msingi mzuri ambao wezi wamekwishajifunza kuuzunguka.

Februari: ufunguo

Ufunguo wa gari hili hukaa mfukoni. Ukigusa kitasa, gari hutoa wito hafifu wa redio wa masafa ya chini, kama kilohezi 125, unaosikika kwa mita moja au mbili tu. Ufunguo ukiusikia hujibu kwa masafa ya juu zaidi, na mlango unafunguka. Udhaifu uko hapo: gari linapima ukaribu kwa kuuliza tu, "wito wangu umesikika?" Wezi wawili, mmoja akiwa na antena karibu na mlango wa nyumba na mwingine kando ya gari, wanaubeba wito huo hadi kwenye ufunguo na kurudisha jibu. Hawavunji siri yoyote ya hesabu; wanarefusha tu masikio ya gari. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zürich, Uswisi, walilionyesha hili mwaka 2011: walijaribu aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8, na zote zilidanganyika.

Magari mapya yameanza kutumia redio ya bendi pana sana, ambayo hupima muda wa safari ya wimbi badala ya nguvu yake. Wimbi la redio husafiri kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na huo ni mwendo ambao mwizi hawezi kuuharakisha. Gari langu halina teknolojia hiyo, na ufunguo wake hauna kihisi cha kuufanya ulale unapotulia mezani. Kinga yake ni kuuziba.

Nimechukua kisanduku cha chuma chenye kifuniko kinachobana kwa ajili ya nyumbani, na mfuko wa Faraday kwa ajili ya kutembea nao. Jina hilo linatokana na Michael Faraday, ambaye mwaka 1836 alionyesha kwamba ndani ya kizimba cha chuma umeme wa nje haufiki. Kisanduku nakiamini zaidi. Mfuko una kitambaa cha ndani chenye nyuzi za metali, na ukikiangalia kwa karibu kwenye mkunjo wa mdomo, pale unapofungua na kufunga kila siku, rangi ya fedha huanza kufifia na kuwa kijivu. Hapo ndipo mawimbi yatapita kwanza. Kipimo ni rahisi: ufunguo ndani ya mfuko, simama kando ya mlango, gusa kitasa. Mlango ukifunguka, mfuko umekwisha. Nafanya hivyo kila mwanzo wa mwezi, na ufunguo wa akiba nao unakaa kwenye kisanduku, kwa sababu mwizi hajali ni upi unaomjibu.

Gari lilikuwa na mwenye kabla yangu, kwa hiyo nimelipeleka likasomwe kumbukumbu ya funguo. Fundi amefuta zote na kusajili upya hizi mbili nilizonazo mkononi. Anayenunua gari lililotumika aanze na hili kabla ya kununua king'ora chochote. Ni kazi ya muda mfupi, na bila hiyo hujui nani mwingine ana ufunguo wa gari lako.

Machi: soketi na mtandao wa ndani

Chini ya dashibodi, upande wa dereva, kuna soketi ya uchunguzi yenye matundu 16, ile ambayo Marekani iliifanya lazima kwa magari ya mwaka 1996 kuendelea. Tundu la 16 lina umeme wa betri muda wote. Matundu ya 6 na 14 ni nyaya mbili za CAN, mtandao ambao kompyuta za gari huzungumzia. Fundi hupitia hapo kusoma hitilafu. Mwizi naye hupitia hapohapo kusajili ufunguo mpya.

CAN ilibuniwa na Bosch na kutangazwa mwaka 1986, wakati hakuna aliyefikiri kwamba adui angekuwa ndani ya nyaya. Ujumbe unaopita humo hauthibitishi nani ameutuma. Kompyuta ikipokea ujumbe uliopangwa sawasawa, inautii. Mwaka 2023 Ken Tindell, mtaalamu wa mitandao ya magari, alieleza kwa kina jinsi Toyota RAV4 ya Ian Tabor huko Uingereza ilivyoibwa kupitia nyaya za taa ya mbele: wezi walifungua bampa, wakafikia waya wa taa, wakaingiza ujumbe bandia wa "ufunguo umetambuliwa". Kifaa cha namna hiyo kilipochunguzwa kilikuwa kimefichwa ndani ya spika ndogo ya muziki. Mfuko wa Faraday hausaidii chochote hapo, na hicho ndicho kilichonifanya nisiishie kwenye mfuko kama watu wengi wanavyofanya.

Soketi tumeihamisha. Fundi amerefusha nyaya na kuipeleka mahali ambapo lazima ung'oe kava mbili kuifikia, na pale pa zamani tumeacha soketi nyingine inayofanana nayo, yenye umeme na ardhi tu. Nimeipenda sana kazi hii. Ukichomeka skana pale, skrini inawaka kama kawaida, inaandika kwamba inatafuta gari, inatafuta, inatafuta, na haipati jibu. Mtu anayefanya kazi kwa haraka ataona kifaa chake ndicho kibovu, atachomoa, atachomeka tena. Dakika zinakwenda.

Baada ya kurefusha nyaya tumepima ukinzani kati ya tundu la 6 na la 14 betri ikiwa imetolewa. Mtandao wa CAN huwa na vizuizi viwili vya ohmu 120, kimoja kila mwisho, kwa hiyo multimita, yaani kipima umeme, inapaswa kusoma kama 60. Imesoma 60. Ingesoma 120 tungejua tumekata upande mmoja. Ingekaribia sifuri, nyaya zimegusana. Yeyote anayemfanyia mteja kazi hii na asipime hivi, usimwachie gari.

Aprili: rilei mbili na sumaku

Huu ndio moyo wa mradi. Hata mwizi akifungua mlango kwa redio na kuishawishi kompyuta kwa waya, nataka injini isiwake kwa sababu ambayo hakuna kompyuta inayoijua: waya umekatika, na yeye hajui ni upi.

Swali lilikuwa ukatike wapi. Njia nyepesi ni waya mwembamba unaoamuru stata. Una mkondo mdogo, na hata rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ikifa ukiwa barabarani injini haizimiki, maana stata haina kazi gari linapokwenda. Lakini gari langu ni la gia za mkono. Swichi ikishafunguliwa, linaweza kusukumwa na kuwaka bila stata, hasa likiegeshwa kwenye mteremko. Stata peke yake haitoshi.

Pampu ya mafuta ni imara zaidi, ila ina hatari yake. Waya wa pampu hubeba amperi kadhaa muda wote injini inapofanya kazi, na rilei mbovu hapo inaweza kukuzimia gari katikati ya kupita lori. Sikubali kinga inayoweza kumuua dereva. Tumejadili sana, mpaka fundi akasema:

"Bosi, mimi pampu naweza kuikata, lakini nakata kabla ya kuwaka tu. Ikishawaka, saketi inajishikilia yenyewe mpaka uzime swichi. Mkono wako ukigusa sumaku kwa bahati mbaya ukiwa mwendoni, hakuna kitakachotokea."

"Na rilei yenyewe ikifa, Fundi?"

"Ndiyo maana nataka ya amperi 40 kwenye waya unaopitisha chini ya kumi. Haitafanya kazi ngumu hata siku moja."

Tumefanya hivyo: stata kwa rilei moja, pampu kwa nyingine inayojishikilia. Swichi ya kuziruhusu haina kitufe. Ni swichi inayofanya kazi ikisogezewa sumaku, iliyogandishwa nyuma ya plastiki laini, isiyo na alama yoyote kwa nje, na sumaku ndogo nimeificha ndani ya kitu cha kawaida ninachobeba. Mahali ilipo sitapaandika hapa wala popote.

Usafi wa kazi ndio ulinzi wenyewe. Fundi ametumia waya wa rangi ileile ya kiwandani, viungo vimebanwa kwa koleo la vichwa vya waya na kufunikwa kwa mpira unaokazwa kwa joto. Hakulehemu, kwa sababu waya uliolehemiwa hukakamaa pale lehemu inapoishia, na mtetemo huuvunja hapo baada ya muda. Juu yake amezungushia tepu ya kitambaa nyeusi kama ile ya kiwandani. Tepu ya plastiki inayong'aa ingemwonyesha mwizi pa kuangalia hata kwa tochi ya simu, na ndani ya gari lililoanikwa juani gundi yake huyeyuka na kufunguka. Nimepiga magoti na taa kutafuta kazi yetu, nikiijua ilipo, na bado ilinichukua muda kuitofautisha na nyaya za Nissan.

Kuna kinga za kisasa zinazokaa kwenye CAN na kumtaka dereva abonyeze vitufe vya usukani kwa mpangilio wa siri. Ni nzuri, hazitoi redio, na kwa magari yenye kompyuta nyingi pengine ndizo bora. Nimechagua rilei kwa sababu ya kanuni yangu: nilikwishashughulikia CAN, nikataka kinga ya kundi jingine kabisa.

Mei: chuma

Hapa nitakuwa mfupi. Fimbo ya kufunga usukani inaonekana kwa nje, na hilo ni jema, lakini mwenye msumeno hasumbuki na fimbo. Hukata ukingo wa usukani, ambao ni mwembamba, na fimbo ikatoka nzima. Nimenunua kava la chuma linalofunika usukani wote kama sahani. Ukingo haufikiwi. Ni zito, linachukua nafasi kwenye gari dogo, na wengi huliona linaharibu sura ya ndani. Mimi naliona kila ninaporudi kwenye maegesho, na nafurahi kuliona.

Kwa lori la kubeba magari, gerejini nimechimba na kumwagia zege nanga ya sakafuni, na mnyororo unapita kwenye mkono wa kusimamishia tairi la nyuma, si kwenye rimu, kwa sababu rimu hutoka kwa kufungua nati. Zege huchukua siku 28 kufikia nguvu yake iliyokusudiwa, kwa hiyo mnyororo haukufungwa kabla ya hapo. Gari linaingia kwa pua, linabaki kwenye gia, handibreki imevutwa, magurudumu ya mbele yamegeuzwa upande. Gari la kazi la kila siku linaegeshwa nyuma yake.

Nimeongeza king'ora chenye betri yake ndani na kihisi cha mwinamo. Mwizi akikata betri kubwa, kinaendelea kulia. Gari likiinuliwa pembe moja kwa jeki au winchi, kinalia hata kama mlango haujaguswa.

Juni: vifaa vya kufuatilia, na hesabu ya betri

Kifaa cha kufuatilia hakizuii wizi. Kinaanza kazi nikiwa nimeshapoteza, na kwa hiyo nimekiweka mwisho. Lakini kina udhaifu ambao wauzaji hawapendi kuutaja: mawimbi ya GPS yanafika ardhini yakiwa dhaifu mno, na kifaa kidogo cha kuyavuruga, kikiwa ndani ya gari, hukiziba kifaa chako pamoja na mtandao wa simu kinaoutumia. Kontena la chuma nalo linafanya vivyo hivyo bila kifaa chochote.

Jibu langu ni vifaa viwili vya tabia tofauti. Cha kwanza kimeungwa kwenye betri ya gari na hutoa taarifa papo hapo. Cha pili kina betri yake, kimelala karibu muda wote, huamka mara moja kwa siku, hutuma mahali kilipo, kisha hulala tena. Kinapolala hakitoi mawimbi, kwa hiyo anayepita na kifaa cha kunusa redio hapati kitu. Na mara nyingi wezi huliacha gari mahali pa wazi kwa siku moja au mbili kuona kama kuna anayelifuata. Wakati huo kifaa cha kuvuruga kinakuwa kimezimwa au betri yake imekwisha. Huo ndio muda wa kifaa cha pili. Vyote vimewekwa chini ya plastiki au kitambaa, antena ikitazama juu, mbali na joto la injini. Kitambulisho cha Bluetooth cha kuwekea funguo nimekitupia pia, ila sikitegemei, kwa sababu simu za siku hizi humtahadharisha mtu anayesafiri na kitambulisho kisicho chake.

Gari hili hukaa gerejini siku nyingi, na kila kifaa kilichoongezwa kinakunywa kidogo. Nimepima mnyonyo wa betri kwa multimita baada ya kufunga milango na kusubiri kompyuta zote zilale, jambo linalochukua zaidi ya nusu saa. Kabla ya mradi ilikuwa miliamperi 28. Sasa ni 50. Miliamperi 50 kwa saa 24 ni amperi-saa 1.2 kwa siku. Betri ya amperi-saa 60 itakuwa imefika nusu kwa siku 25. Gari lenye betri iliyokufa halina king'ora cha kutegemewa wala kifaa hai cha kufuatilia, kwa hiyo nimeweka chaja ndogo ya kudumisha betri, ikiwa na plagi inayochomoka kwa mkono mmoja.

Julai: alama, picha, na siri

Magari ya michezo mara nyingi hayauzwi mazima. Hufunguliwa, na gia boksi, viti, taa na kompyuta vikaenda njia zake. Namba ya chesisi, yenye herufi na tarakimu 17 (herufi I, O na Q hazitumiki, zisichanganywe na 1 na 0), iko kwenye bodi, lakini kiti hakina. Nimepaka vidoa vidogo sana vyenye namba ya usajili, visivyofika milimita moja na vinavyosomeka kwa lenzi tu, kwenye vifaa vyote vinavyoweza kuuzwa peke yake, na namba ya chesisi imechorwa kwenye kila kioo. Stika ya kuonyesha hivyo iko dirishani makusudi.

Nimepiga picha za kila kitu ambacho gari jingine halina: mshono uliolegea kwenye kiti cha abiria, jeraha dogo chini ya bampa ya mbele, namba zilizopigwa kwenye rimu. Nakala ziko nje ya gari na nje ya simu, pamoja na namba za vifaa vya kufuatilia na nyaraka za bima. Likiibwa, polisi na bima watapewa bahasha moja. Mimi mwenyewe sitalifuata hata kama ramani inaonyesha liko mtaa wa pili. Anayeiba gari huweza kuwa na silaha, na hakuna bampa inayostahili hilo.

Picha za mtandaoni nimezipitia upya. Nimeondoa zinazoonyesha mlango wa gereji, nimefunika namba, na nikiwa kwenye mkutano wa magari situmi picha mpaka nimerudi. Ninaporudi nazunguka kidogo nikiangalia kioo cha nyuma, kwa sababu kumfuata mtu kutoka kwenye mkutano ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kujua gari linalala wapi.

Mwisho wa Julai: jaribio

Nimempa fundi mwingine, ambaye hakushiriki, ufunguo halisi na ruhusa ya kufanya lolote isipokuwa kukata. Usukani ulikuwa wazi, mnyororo umefunguliwa. Alifungua, akabonyeza kitufe, dashibodi ikawaka yote, stata ikanyamaza. Akachomeka skana kwenye soketi ya uongo. Akaichomoa, akaipuliza, akaichomeka tena. Akaangalia fyuzi moja baada ya nyingine, zote nzima. Akapima betri, nzima. Baada ya nusu saa alisema gari lina stata mbovu na lingehitaji kupanda kwenye lifti.

Kilichobaki ni kumwandikia kampuni ya bima orodha ya vilivyofungwa, pamoja na risiti, na kupanga namna ya kulikabidhi gari kwa huduma bila kutaja sumaku. Fundi wetu ameshachora swichi ya pili itakayoziruhusu rilei zote kwa siku ya gereji tu, ikifungwa kwa ufunguo wake wenyewe. Tunaifunga mwezi ujao, pamoja na kubadilisha betri ya kifaa cha pili.